Asinzie, Alale Kabisa au Abaki Macho? Uchambuzi wa Kisa cha Endoskopi kwa Mgonjwa wa Skleroderma

Mwalimu wa shule ya msingi mwenye umri wa miaka 46, mkazi wa Njombe, alifika katika hospitali moja ya rufaa jijini Dar es Salaam akiwa na bahasha ya vipimo na barua yenye sentensi mbili. Ya kwanza ilisema kwamba damu yake imekuwa ikipungua kwa miezi sita bila chanzo kujulikana. Ya pili ilisema kwamba endoskopi, yaani kulitazama tumbo kwa kamera inayopitishwa mdomoni, ilijaribiwa kwingine na kuahirishwa kwa sababu mgonjwa "hakutulia". Wingi wa damu ulikuwa gramu 7.6 kwa desilita, ilhali nusu mwaka kabla ulikuwa 10.9. Akiba ya madini ya chuma ilikuwa imekwisha karibu yote, na hedhi ilikuwa imekoma miaka miwili nyuma, kwa hiyo damu haikuwa ikipotelea huko. Alipoulizwa kuhusu choo cheusi alijibu kwamba kimekuwa cheusi tangu aanze vidonge vya chuma, jibu ambalo halimfikishi daktari popote, maana vidonge hivyo hukifanya choo kuwa cheusi hata kwa mtu asiyevuja damu.

Kwa mgonjwa mwingine shauri lingekuwa fupi: anamezeshwa kamera, tumbo linatazamwa kwa dakika kumi, jibu linapatikana. Mwalimu huyu, hata hivyo, alikuwa ameishi na skleroderma kwa miaka tisa, na kwa mtu wa namna hiyo dakika hizo kumi zinahitaji kufikiriwa kwa siku kadhaa. Niseme mapema kwamba nimemuunda mgonjwa huyu kutokana na hali zinazojulikana kwa wagonjwa wa aina yake, ili maelezo yasimwelekee mtu yeyote. Mambo ya kitabibu yanayomzunguka ni yale yale yanayokutana na watu wodini.

Skleroderma ni ugonjwa wa tishu unganishi, yaani zile nyuzinyuzi zinazoshikilia ngozi, mishipa na viungo vya ndani. Kinga ya mwili humgeuka mwenyewe, mishipa midogo ya damu huharibika, kolajeni, protini inayounda nyuzinyuzi hizo, huzalishwa kupita kiasi, na tishu iliyokuwa laini hugeuka kovu. Huwapata wanawake zaidi kuliko wanaume. Kwa kuwa dalili inayoonekana ni ngozi kukakamaa, ndugu na majirani humuuliza mgonjwa ngozi inaendeleaje, na yeye mwenyewe huzoea kujipima kwa ngozi, wakati mambo yanayoweza kumuua yapo ndani: kwenye mapafu, moyo, figo na njia ya chakula.

Anayetaka kumfanyia endoskopi mtu kama huyu hana budi kumsoma kuanzia mdomoni. Mtu mzima wa kawaida akipanua mdomo anaweza kupitisha vidole vyake vitatu, kimoja juu ya kingine, kati ya meno ya juu na ya chini. Mwalimu alipitisha kimoja na nusu. Rula ikasoma milimita 24. Kamera ya kawaida ya tumbo ina unene wa milimita 9 hadi 10, kwa hiyo kupita ingepita. Lakini iwapo mgonjwa ataacha kupumua, mtu atalazimika kuingiza chuma cha kunyanyulia ulimi, kuziona nyuzi za sauti na kupitisha mrija wa kupumulia, na kazi hiyo yote inahitaji nafasi ambayo mdomo huu hauna. Mlango uliotosha kuingiza kamera haukutosha kuingiza msaada.

Chini ya koo kuna umio. Theluthi mbili za chini za umio zina misuli laini, na hiyo ndiyo skleroderma huipenda kuishambulia, hata chakula kikakosa kitu cha kukisukuma na kubaki kikishuka kwa uzito wake tu; mlango wa chini, ule unaozuia tindikali kupanda, nao hulegea. Wengi mno wa wagonjwa hawa, takriban tisa katika kila kumi, wana tatizo la aina fulani kwenye njia ya chakula, na umio ndio unaoongoza. Katika faili la Mwalimu jambo hili lilikuwa limeandikwa kwa neno moja, "kiungulia", na mbele yake omeprazole, dawa ya kupunguza tindikali. Hakuna aliyeandika kwamba hulala juu ya mito mitatu, wala kwamba huamka usiku wa manane akikohoa maji machungu. Zaidi ya hapo alikuwa akitumia nifedipine kwa ajili ya vidole vyake, ambavyo hugeuka vyeupe, kisha vya bluu, kila baridi ya Juni na Julai inapoingia Njombe. Na nifedipine, pamoja na kufungua mishipa ya vidole, huzidi kuulegeza mlango huo wa umio. Dawa iliyookoa vidole ilikuwa ikiliumiza koo.

Mapafu yalikuwa na makovu sehemu za chini, kama siti skani ilivyoonesha. Akiwa ameketi, oksijeni yake ilisoma asilimia 94. Baada ya kutembea dakika sita ilishuka hadi 88. Tusisahau kwamba vipimo hivi vilichukuliwa Dar es Salaam, usawa wa bahari, wakati nyumbani kwake ni takriban mita 2,000 juu, ambako hewa ni nyepesi. Majibu ya pwani yalikuwa yakimpendelea. Eko ya moyo, yaani picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti, nayo ilikadiria presha ya mishipa ya mapafu kuwa milimita 48 za zebaki, kiwango kinachotia shaka ya kutosha. Eko hukadiria tu. Kinachothibitisha ni mrija unaopitishwa hadi upande wa kulia wa moyo, na kipimo hicho hakikupatikana kwa wakati. Timu iliamua kuenenda kana kwamba presha hiyo imethibitishwa, na naiunga mkono: penye shaka ya aina hii, kosa la kumchukulia mgonjwa kuwa mgonjwa zaidi kuliko alivyo linarekebishika, na kosa la kinyume chake huenda lisirekebishike. Sababu ni kwamba oksijeni ikishuka na hewa chafu ikijaa, mishipa ya mapafu hujibana, upande wa kulia wa moyo hulemewa, damu inayofika upande wa kushoto hupungua, presha ya mwili huanguka, na mduara huo unaweza kummaliza mgonjwa ndani ya dakika chache. Dawa yoyote inayopunguza kasi ya kupumua hugonga hasa mahali hapo.

Sasa turudi kwenye ile sentensi ya pili ya barua, kwa sababu ndiyo iliyoficha kisa chenyewe. Karatasi ya jaribio la kwanza ilikuwamo kwenye bahasha. Ilionesha miligramu 2 za midazolam, dawa ya kusinzisha, kisha pethidine, dawa kali ya maumivu, miligramu 50, kisha midazolam nyingine miligramu 3 dakika mbili tu baada ya ile ya kwanza, halafu mstari mmoja: "Oksijeni 74%, haitiki vizuri, zoezi limesitishwa." Hapakuwa na zaidi.

Asilimia 74 ni namba ya kutisha, na ilikuwa imekwisha kumjengea Mwalimu sifa ya mgonjwa asiyegusika. Mtaalamu wa usingizi aliyempokea Dar es Salaam aliuliza swali ambalo linapaswa kuulizwa kila mara kwa mgonjwa wa skleroderma: namba hiyo ilitoka kwenye mapafu au ilitoka kwenye kidole? Kifaa cha kupimia oksijeni hutegemea damu inayodunda kwenye kidole. Kidole kilichobanwa na baridi, ambacho mishipa yake imekwisha kuharibika, hudunda kidogo mno, na kifaa huweza kusoma namba ya chini isiyo ya kweli au kukosa kusoma kabisa. Alimwekea Mwalimu vifaa viwili kwa pamoja, kimoja kwenye kidole cha shahada na kingine kwenye ndewe ya sikio. Kiyoyozi cha chumba kilikuwa kinavuma. Kidole kilisoma 81, na mawimbi yake kwenye skrini yalikuwa yakitetemeka kama uzi uliolegea. Sikio lilisoma 94 kwa mawimbi mapana yaliyosimama vizuri. Mkono ukaingizwa kwenye beseni la maji ya uvuguvugu kwa dakika kadhaa, ukafutwa, na kidole kile kile kikasoma 93.

Ni rahisi kuishia hapo kwa furaha na kutangaza kwamba jaribio la kwanza lilisitishwa bure. Sikubaliani na usomaji huo. Jaribio la beseni lilithibitisha kwamba kidole chake kinaweza kudanganya, halikuthibitisha kwamba siku ile kilidanganya. Maneno "haitiki vizuri" hayatoki kwenye kidole. Midazolam ikiingia mshipani huhitaji dakika tatu hadi tano kufikia nguvu yake yote, kwa hiyo aliyeongeza miligramu 3 dakika mbili baada ya zile 2 alikuwa akiitibu hali ambayo dozi ya kwanza ilikuwa bado haijaishughulikia, na juu yake kulikuwa na pethidine, ambayo ikikutana na midazolam huzidisha kudumaza pumzi. Lililowezekana zaidi ni kwamba yote mawili yalitokea: mgonjwa alizama kupita ilivyokusudiwa, na kifaa kikazidisha chumvi. Mtu aliyeiandika karatasi ile angeweza kutuondolea utata wote kwa maneno sita zaidi: rangi ya midomo, idadi ya pumzi.

Kwa nini basi aliongezewa dawa upesi hivyo? Hilo halikuwa kwenye karatasi, lilikuwa kwa mgonjwa mwenyewe, na lilipatikana kwa sababu mtu aliketi.

"Shikamoo, Mwalimu," alianza daktari, ambaye kwa umri angeweza kuwa mwanafunzi wake.

"Marahaba, dokta. Mimi ombi langu ni moja tu, nilale kabisa, nisijue kitu."

"Sawa, tutalizungumza. Ila nieleze kwanza siku ile ilikuwaje."

"Nilikabwa. Waliponilaza chali maji machungu yakapanda, nikataka kukaa, wakanishika. Sista akaniambia mama tulia. Baada ya hapo sikumbuki."

Hapo ndipo neno "hakutulia" lilipopata maana yake. Hakuwa mgonjwa mkaidi wala mwoga wa kamera. Alikuwa mtu ambaye umio wake haufungi, akalazwa chali, tindikali ikapanda, akafanya kitu pekee ambacho mwili wenye akili hufanya, akajaribu kuinuka. Waliomzunguka walikiona kitendo hicho kama vurugu, wakakitibu kwa dawa, na dawa ikamwondolea uwezo wa kufanya kile kilichokuwa kikimlinda.

Kabla ya kupima namna ya kumsinzisha, timu iliuliza kama kipimo chenyewe kinahitajika. Palikuwa na sababu ya kusitasita. Mwalimu alikuwa amekiri kununua diklofenaki kwenye duka la dawa kwa ajili ya maumivu ya viungo, na diklofenaki peke yake hutosha kutoboa vidonda tumboni. Hospitali iliyompa rufaa ilikuwa imekwisha kuiondoa, ikampima kinyesi kutafuta bakteria wa vidonda vya tumbo na kukuta hayupo, ikampa omeprazole wiki nane, na bado damu iliendelea kushuka. Picha ya kunywa dawa nyeupe ya bariamu ingeonesha umbo la umio lakini isingeonesha mishipa inayovuja. Kidonge chenye kamera kingeweza kukwama kwenye utumbo usiosukuma. Na kulikuwa na jambo moja ambalo kila anayetibu skleroderma analihofia damu inapopungua hivi bila kelele: hali ya mishipa midogo ya sehemu ya mwisho ya tumbo kutanuka na kuchuruzisha damu, hali ambayo hutambuliwa kwa kutazamwa, na ikitambuliwa hutibika kwa kamera ile ile. Kipimo kilihitajika. Hata hivyo hakikuwa cha haraka, na tofauti hiyo ndiyo iliyowapa wiki tatu za kujiandaa.

Mizani yenyewe huanza na hesabu ambayo watu wengi huiweka kinyume. Mgonjwa anapofikiria hatari ya endoskopi hufikiria kamera kutoboa tumbo. Kwa endoskopi ya kutazama tu, makadirio yanayotumiwa na mabingwa wa Marekani ni tundu moja katika kila wagonjwa 2,500 hadi 11,000. Mabingwa hao hao hukadiria kwamba hadi asilimia 60 ya madhara yote ya endoskopi ya juu hutokana na moyo na pumzi, yaani yanahusiana na dawa ya kusinzisha. Kwa maneno mengine, hata kwa watu wasio na skleroderma, sehemu kubwa ya hatari ipo kwenye kile wanachokiomba ili wasiione hatari. Fomu ya ridhaa ya Mwalimu ilikuwa na aya nzima kuhusu kutoboka na mstari mmoja kuhusu usingizi. (Alitia saini kwa shida, kalamu ikiwa imebanwa kati ya vifundo, mashine ya bima ya kusoma alama za vidole ilikuwa imekwisha kumkataa mara tatu asubuhi hiyo, kwa kuwa ncha za vidole zilizokakamaa hazikubakiza mistari ya kusomwa.)

Njia zilikuwa tatu. Angeweza kubaki macho, akipuliziwa ganzi kooni. Angeweza kusinzishwa kwa dawa ya mshipani bila mrija. Au angeweza kulala usingizi kamili, kile wengi wanachokiita nusu kaputi, akiwa na mrija kwenye njia ya hewa.

Wengi wetu, tukiona mambo matatu yamepangwa hivyo, tunavutwa na la katikati. Linaonekana la wastani na la huruma: si ukatili wa kumwacha macho, si uzito wa nusu kaputi. Kwa mgonjwa huyu la katikati lilikuwa baya kuliko yote. Mtu aliye macho hulinda mapafu yake mwenyewe, kwa kukohoa, kumeza na kukaa. Mtu aliye na mrija hulindwa na mrija. Mtu aliyesinzia sana bila mrija hana ulinzi wowote, na umio wa Mwalimu ni mfuko uliojaa unaosubiri alegee. Dawa za kuzimua zipo, flumazenil kwa midazolam na naloxone kwa pethidine, na ziliandaliwa mezani. Lakini dawa ya kuzimua huzimua dawa tu, haiyatoi mapafuni matapishi yaliyokwisha kuingia. Propofol, dawa nyingine ya usingizi ya mshipani, haina hata hiyo ya kuizimua, na hushusha presha ya damu. Ketamine, ambayo hospitali zetu huitegemea sana kwa sababu haizimi pumzi kirahisi, hupandisha presha na mapigo ya moyo na kuongeza mate, na kwa mtu ambaye presha ya mapafu yake haijathibitishwa si kimbilio la kwanza.

Nusu kaputi haikutupwa. Mpango wake uliandikwa kikamilifu: mrija ungepitishwa akiwa macho, kwa kamera nyembamba ya njia ya hewa, na kitanda cha wagonjwa mahututi kingehakikishwa kabla ya siku hiyo, kwa kuwa mapafu yenye makovu yakiwekwa kwenye mashine huweza kugoma kuachishwa. Ungekuwa mpango sahihi kama damu ingekuwa inamwagika au kama kazi ingekuwa ndefu. Kwa kutazama dakika chache ulikuwa mzigo usiolingana na faida.

Kubaki macho nako si bure, na hapa nadhani watetezi wa njia hiyo husema machache mno. Kuchefuka hupandisha presha na mapigo, mtu huzuia pumzi bila kukusudia, oksijeni hushuka. Ganzi yenyewe ni mkopo: inapunguza kukabwa kwa kulitia usingizi koo, na koo ndilo mlinzi. Kila mpulizo wa lidokaini ya kopo la asilimia 10 una miligramu 10. Timu iliamua mipulizo mitatu, isiongezwe bila daktari wa usingizi kukubali. Na kwa kuwa kuna taarifa za ganzi kudumu kwa muda mrefu zaidi kwa wagonjwa wa skleroderma, ilikatazwa kumpa hata maji ya kunywa hadi apimwe uwezo wa kumeza, badala ya kufuata saa iliyozoeleka.

Mwalimu alipoelezwa haya hakufurahi. Alikuwa amekuja kuomba usingizi, na sasa anaambiwa usingizi ndio adui. Kilichombadilisha si takwimu. Daktari alimuuliza kama angeweza kuvumilia kamera akiwa ameinuliwa kichwa na mgongo, amelalia ubavu wa kushoto, na kama akiinua mkono kila kitu kitasimama. Alinyamaza kidogo, akasema, "Kama hamnilazi chali, tujaribu." Hofu yake haikuwa kamera. Ilikuwa kulazwa.

Maandalizi yalichukua sehemu kubwa ya wiki hizo tatu. Aliongezewa chupa moja ya damu polepole na kupewa madini ya chuma kwa dripu, kwa kuwa kumtia mtu mwenye wingi wa damu wa 7.6 kwenye msukosuko wowote ni kuupa moyo wake kazi mbili. Siku ya kipimo ulikuwa 9.4. Prednisolone yake ya miligramu 10, dawa ya kutuliza kinga ya mwili, aliimeza asubuhi kama kawaida, na ombi la mtu mmoja kwamba aongezewe dozi "kwa usalama" lilikataliwa, kwani kuanzia miligramu 15 kwa siku prednisolone huhusishwa na shambulio la ghafla la figo linalowapata wagonjwa wa skleroderma, lile ambalo kabla ya dawa za presha za kundi la captopril liliwaua wengi waliolipata. Mshipa ulitafutwa kwenye kiwiko baada ya mkono kupashwa joto, na ilikubaliwa kwamba mshipa wa ateri wa kifundo cha mkono usiguswe, maana ukiziba, vidole visivyo na damu ya akiba huweza kuoza. Kuhusu kufunga kula, kanuni ya kawaida ya saa sita kwa chakula na saa mbili kwa maji haikutosha. Siku nzima iliyotangulia alikunywa vitu vya majimaji tu, na wa mwisho ulikuwa uji mwepesi saa kumi na mbili jioni.

Siku yenyewe kiyoyozi kilizimwa kabla hajaingia, jambo lililowafanya watu wote chumbani kutokwa jasho isipokuwa yeye. Kifaa cha oksijeni kiliwekwa sikioni. Kinga ya meno ya watu wazima haikuingia mdomoni, ikatumika ya watoto. Muuguzi mmoja alipewa kazi moja tu, kusimama upande wa kichwa na mrija wa kufyonza mkononi na kuzungumza naye.

Kamera ilipofika katikati ya umio ilikuta uji. Saa kumi na nne zilikuwa zimepita. Ulikuwa umetuama kwenye umio mpana usiotikisika, tabaka jeupe lenye povu, na ulifyonzwa taratibu huku Mwalimu akikohoa kwa nguvu mara mbili, kikohozi kile ambacho midazolam ingekizima. Sioni haja ya kulieleza zaidi tukio hilo. Kila aliyekuwa anatazama skrini alielewa uji ule ungekuwa wapi siku ile ya kwanza.

Sehemu ya mwisho ya tumbo ilikuwa na michirizi myekundu iliyoelekea kwenye tundu la kutokea, kama ya ganda la tikiti maji, na ndivyo madaktari wanavyoiita hali hii, tumbo la tikiti maji. Oksijeni ya chini kabisa ilikuwa 91, mapigo ya juu kabisa 118, muda dakika tisa. Ganzi ilichukua karibu saa mbili kumtoka.

Hapa pana jambo ambalo wenzangu wanaweza kutofautiana nami. Kifaa cha kuunguzia mishipa kwa gesi ya agoni kilikuwa jirani, na bingwa wa kamera alitaka kuanza matibabu pale pale, kwa hoja nzuri kwamba kila kuingiza kamera upya ni hatari upya. Daktari wa usingizi alikataa kwa kuwa Mwalimu alikubali kutazamwa dakika kumi, na mtu aliye na kamera kooni hawezi kujadili makubaliano mapya. Mimi nasimama na aliyekataa, ingawa kwa mgonjwa mwenye mwili imara zaidi ningesitasita. Matibabu haya hurudiwa mara kadhaa, kwa wiki kadhaa kati ya moja na nyingine. Kwa hiyo uamuzi wa usingizi haukuwa wa siku moja, ulikuwa wa siku tatu au nne zinazokuja, na mgonjwa anayerudi akiwa na imani ana thamani kubwa kuliko kikao kimoja kilichookolewa.

Vikao vilikuwa vitatu. Katika cha kwanza cha kuunguza, kilichochukua dakika 20, aliomba msaada katikati kwa kuinua mkono. Kamera ilitolewa, akapewa midazolam miligramu 1 bila pethidine, wakasubiri dakika tano kamili kwa saa ya ukutani kabla ya kuendelea. Alibaki akijibu anapoitwa, lakini oksijeni iligusa 89 pamoja na kwamba alikuwa akipewa puani, kwa miligramu moja tu. Katika vikao viwili vilivyofuata alikataa dawa mwenyewe, akieleza kwamba safari ya basi kurudi Njombe ilimkuta na kichwa kizito na hakumbuki alishukia wapi kununua maji. Miezi mitano baada ya kipimo cha kwanza wingi wa damu ulikuwa 10.8. Eko iliyorudiwa ilikadiria presha ya mapafu kuwa 42. Sehemu ya zile 48 huenda ilitokana na moyo uliokuwa ukihangaika na damu pungufu, lakini 42 bado si ya kupuuzwa, na rufaa ya kupimwa kwa mrija wa moyo iliandikwa.

Kasoro moja ilibaki, nami naihesabu kuwa kubwa. Mipango yote hii iliishi kwenye faili la Dar es Salaam. Michirizi ile inaweza kurudi, na ikirudi kwa kishindo itamkuta Njombe, usiku pengine, mikononi mwa watu wema ambao hawajawahi kumwona, watakaomlaza chali na kumwambia mama tulia. Mdogo wake wa kiume, aliyemsindikiza safari zote, ndiye aliyeomba yaandikwe. Daktari aliandika kwa mkono kwenye kipande cha karatasi ngumu, kikatiwa nailoni, na Mwalimu hukiweka kwenye pochi pamoja na kadi ya bima:

"Nina skleroderma. Msinilaze chali. Oksijeni ipimwe sikioni. Mdomo wangu hufunguka milimita 24: aitwe mtu wa usingizi kabla ya dawa yoyote ya kusinzisha, si baada yake. Nikijaribu kukaa, niacheni nikae."

Sentensi ya mwisho aliiongeza yeye mwenyewe.